Usiku Una Kwao

Katika kazi zote zitendwazo ndani ya jumba la michezo ya kuigiza, hapana iliyo na mkinzano mkubwa zaidi kuliko ile ya fundi wa taa anapoamriwa kuleta usiku jukwaani. Kwa maana wenziwe wote hupewa kitu wakatakiwa wakionyeshe, seremala akapewa mbao, mshonaji akapewa vitambaa, mwigizaji akapewa maneno ya kusema na mwili wa kuyatendea, ilhali yeye hukabidhiwa giza, ambalo kwa tabia yake ni kizuizi cha macho, kisha akatakiwa alifanye tamasha mbele ya umati uliolipa kiingilio ili uone. Akizizima taa zote amewadhulumu watazamaji. Akiziwasha zote amewanyima usiku. Na maadamu njia hizo mbili zimefungwa, hana budi kuishika ya tatu, ambayo ni kuutengeneza usiku kwa nuru yenyewe, akichagua kipi kionekane na kipi kifichwe, upande gani uwe na kivuli, na rangi ipi izishike nyuso za watu. Nakusudia katika maneno haya kuifuata kazi hiyo mpaka Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuleta hoja moja tu: kwamba usiku nao una kwao, na kwamba ule uliozoeleka katika majukwaa ya Afrika aghalabu ni mgeni aliyefika pamoja na vifaa na vitabu vya mafundi wa Ulaya, akapewa kiti cha mbele, na wenyeji wake wakasahau kumwuliza atokako.

Likasi ni mji uliozaliwa na shaba. Uko yapata kilomita 120 kutoka Lubumbashi kwa njia iendayo Kolwezi, juu ya uwanda wa kimo cha mita 1,300 hivi, na toka 1931 hadi 1966 ulijulikana kwa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa fedha wa Ubelgiji walioiongoza kampuni ya Union Minière. Hapo Shituru, tangu 1929, kiwanda kikawa kinaisafisha shaba kwa mkondo wa umeme, na kwa ajili ya kazi hiyo na ya migodi jirani maporomoko ya mto Lufira yakafungwa pale Mwadingusha, umeme ukaanza kutiririka 1930, zamani ambazo nyumba nyingi za pwani ya Afrika Mashariki zilikuwa bado zikiangazwa kwa mafuta ya taa. Shaba ikisha kusafishwa ilisafirishwa mbali, ikavutwa ikawa nyaya, na nyaya zikapeleka umeme katika majumba ya michezo ya miji ambayo mchimbaji wa Likasi hakuwahi kuyasikia majina yake. Baadaye ikaja njia ya umeme itokayo kwenye mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa yapata kilomita 1,700, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na mitambo ya Mwadingusha yenyewe ikakarabatiwa ikafikia megawati 78 mnamo 2021, kwa mapatano yaliyofungamana na mgodi wa Kamoa-Kakula ulioko karibu na Kolwezi. Pamoja na hayo yote, mkaazi wa Kikula au wa Panda anaifahamu vyema delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, kwani umeme wa nchi hii tangu mwanzo ulitafutwa kwa ajili ya shaba kwanza, na watu wakafuata nyuma.

Kutokana na hali hiyo, kikundi cha waigizaji kinachotaka kucheza baada ya magharibi, katika ukumbi wa parokia au wa shule, hulazimika kupiga hesabu mbili. Huhesabu taa zitakazowaka umeme ukiwapo. Kisha huhesabu zitakazobaki umeme ukiondoka, nazo ni zile za jenereta iliyowekwa mbali ili ngurumo yake isiwameze wasemaji, na taa za betri zilizojazwa mchana kwa nguvu ya jua, na tochi, na vibatari. Na giza lijalo bila kuitwa, katikati ya tendo la pili, halihesabiki kuwa usiku hata kama saa ya usiku imefika, kwa sababu mchezo umesimama: watu hukohoa, watoto hucheka, simu hutolewa mifukoni, na mfalme aliyekuwa akiuawa huinuka akauliza kama petroli ipo. Hapo ndipo mtu anapofahamu kwamba giza na usiku ni mambo mawili, moja likiwa ni upungufu na la pili likiwa ni tungo, na kwamba mtunzi wa hilo la pili anahitaji nuru kuliko mwenziwe anayetunga mchana.

Tungo hiyo haikuanza na taa. Katika jumba la Globe la London, lililojengwa 1599, michezo ilichezwa alasiri chini ya anga wazi, na Shakespeare alipouhitaji usiku aliutia vinywani mwa waigizaji, au alimpa mmoja wao mwenge mkononi, na watu waliokaa katika mwanga wa saa nane mchana wakaridhia kwamba ni usiku wa manane. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuipima siri hiyo bila kuvuka bahari, kwani Mwalimu Julius Nyerere ametufasiria michezo miwili yenye usiku mkubwa ndani yake: ule wa Juliasi Kaizari, ambao tafsiri yake ya kwanza ilitoka 1963, una usiku wa tufani unaotangulia mauaji, na Mabepari wa Venisi, uliotoka 1969, huifungua sehemu yake ya mwisho kwa wapendanao wawili walioketi katika mbalamwezi iliyofumwa kwa maneno matupu. Anayeigiza kurasa hizo leo, akiwa na taa au asiwe nazo, anapaswa kukumbuka kwamba mtunzi alikwisha kufanya nusu ya kazi.

Karne ya 19 ndiyo iliyowapa mafundi mamlaka ambayo hapo awali yalikuwa ya washairi. Gesi iliingia katika majumba makubwa ya London mwaka 1817. Mwaka 1837, huko Covent Garden, likatumika donge la chokaa lililochomwa kwa mwali mkali wa gesi mpaka likatoa nuru nyeupe, na nuru hiyo ikawa ndiyo mwezi wa jukwaani kwa miaka mingi. Mwaka 1876 mtunzi wa opera Richard Wagner, katika jumba lake la Bayreuth, Ujerumani, aliwatia watazamaji gizani ili macho yao yasipate pengine pa kwenda. Na mwaka 1881 jumba la Savoy, London, likawa la kwanza kuangazwa lote kwa umeme, mwenyewe Richard D'Oyly Carte akasimama jukwaani akaivunja taa iliyokuwa ikiwaka, ili watu wathibitishe kwamba haitawaunguza. Katika mambo hayo yote, lililougeuza usiku zaidi kwa maoni yangu ni hilo la Bayreuth, ijapokuwa halikuleta taa hata moja mpya. Kwani ni pale ulipozimwa upande wa watazamaji ndipo nuru ndogo ya upande wa waigizaji ilipoanza kuwa na uzito, na ndipo fundi alipoweza kupunguza bila kupoteza.

Sasa tuulize, usiku wa jukwaani uliipata wapi rangi yake ya buluu? Nuru ya mwezi ni nuru ya jua iliyorudishwa na mawe ya kijivu, na walioipima wameikuta imeelekea wekundu kidogo kuliko jua lenyewe, wala haina buluu ya kuazima. Buluu imo machoni mwetu. Mtaalamu wa Bohemia, Jan Purkyně, aliandika mwaka 1825 jambo aliloliona kwenye maua wakati wa alfajiri, kwamba mekundu, ambayo mchana hupita yote kwa ukali, huwa meusi, na ya buluu yakatangulia kung'aa. Sababu ni kwamba jicho lina chembe za namna mbili, moja za mchana zinazotambua rangi, na nyingine za usiku zisizotambua rangi hata kidogo lakini zinazoitikia zaidi nuru iliyo kati ya buluu na kijani. Na mwezi mpevu, ambao nuru yake ni dhaifu mara 400,000 hivi kuliko ya jua, hutuacha karibu tuwe mikononi mwa hizo za pili. Kwa hiyo aupakaye usiku rangi ya buluu humsingizia mwezi, lakini hulitolea jicho ushahidi wa haki. Ila ushahidi huo una sharti, nalo ni kwamba jicho liwe limekwisha kulizoea giza, na mazoea hayo huchukua kama nusu saa kutimia, muda ambao hapana mchezo unaoweza kumpa mtazamaji aliyeingia sasa hivi kutoka barabarani. Fundi mwenye busara hulitimiza sharti hilo kwa hila: huifanya sehemu iliyotangulia iwe na nuru ya wastani, huushusha mwanga polepole wakati macho yote yameshikwa na maneno, na usiku ukiisha kuingia huupandisha tena kidogo kidogo bila mtu kutambua, ili macho yasichoke yakasinzia.

Hapo ndipo mgeni wetu anapoanza kuwaonea wenyeji. Kampuni ya Lee ya Uingereza, ambayo karatasi zake za rangi za kuwekwa mbele ya taa hutumiwa na mafundi wa nchi nyingi, ina rangi moja ya nili iliyokolea ikielekea urujuani, nambari 181, inayouzwa kwa jina la Congo Blue. Mafundi huipenda kwa usiku mzito na kwa mambo ya ndotoni, nayo ni bahili hata haipitishi sehemu 2 kati ya 100 za nuru iliyo nyuma yake. Ilete karatasi hiyo Kongo, uiweke mbele ya taa, kisha umsimamishe Mkongo chini yake: shati lake jeupe litawaka, meno yake yatang'aa, na uso wake utatoweka. Ngozi ya hudhurungi huirudisha nyekundu na manjano kwa ukarimu, na buluu huimeza. Ngozi ya Mzungu nayo huimeza, lakini hubakiwa na ya kutosha kumfanya aonekane. Kanuni iliyowekwa na watu waliokuwa wakiziangaza nyuso nyeupe, ikihamishwa vivi hivi bila taamuli, humgeuza mwigizaji wa Likasi akawa shati linalosema. Na taa za LED za bei nafuu, ambazo sasa zimeenea masokoni, zimeuzidisha msiba huo badala ya kuupunguza, kwa kuwa hutoa buluu tupu isiyo na chembe ya rangi nyingine, na kitufe chake ni rahisi kubonyezwa.

Dawa zake zipo, wala hazihitaji mali nyingi. Ya kwanza ni kuipunguza buluu yenyewe mpaka ibaki samawati iliyopauka, na kuichanganya na nyeupe au na zambarau hafifu, ili uso upate kitu cha kurudisha. Kwani macho ya watazamaji huyasoma mambo kwa kulinganisha, na samawati kidogo kando ya manjano ya kandili hutosha kabisa kuwa usiku. Ya pili, ambayo naihesabu kuwa kubwa kupita zote, ni kuihamisha taa kutoka mbele kuipeleka ubavuni na nyuma, ili nuru ipite juu ya ngozi badala ya kuigonga uso kwa uso, kwa maana mng'ao ulio juu ya ngozi huchukua rangi ya taa, na weusi wa ngozi hauupunguzi kitu, bali huufanya uonekane zaidi. Mstari wa nuru ukipita juu ya paji la uso, ukashuka kwenye shavu, ukaishia begani, mtazamaji amekwisha kumtambua mtu na huzuni yake, hata kama nusu ya uso imo gizani. Walioitengeneza filamu ya Moonlight ya mwaka 2016, iliyotokana na mchezo wa Tarell Alvin McCraney na kuongozwa na Barry Jenkins, waliifuata njia ya jinsi hiyo. Mpiga picha wao, James Laxton, aliziacha ngozi za waigizaji weusi zing'ae badala ya kuzipaka poda, na filamu hiyo ikatwaa tuzo kubwa ya Marekani mwaka 2017. Nao akina mama wa Likasi, ambao hawamwachi mtoto kutoka nyumbani kabla ya kupakwa mafuta, wamekuwa na elimu hiyo tangu zamani.

Lakini rangi ni nusu ya habari, na nusu ya pili imo mbinguni, ambako usiku wa Likasi una desturi zake. Mji huu uko katika latitudo ya digrii 11 hivi kusini ya ikweta, na mahali hapo jua huzama karibu wima, hata mwangaza unaobaki baada ya kuzama kwake hudumu dakika 22 hivi, ilhali katika London, mwezi wa Juni, hudumu zaidi ya dakika 40. Mchezo uliotungwa Ulaya unaweza kumpa fundi magharibi ndefu yenye kupoteza rangi moja baada ya nyingine wakati wazee wawili wanazungumza bustanini. Mchezo wa Likasi ukiiga magharibi hiyo utakuwa umesema uongo ambao kila mtoto ukumbini ataushuhudia, kwani yeye anajua kwamba mama akianza kuwasha makala, yaani makaa, mchana bado upo, na yakishika moto usiku umekwisha kuingia. Mwezi nao una mahali pake. Mwezi mpevu wa Juni, unapofika kilele chake kati ya usiku, husimama Likasi juu ya digrii 70 kutoka upeo wa nchi, yaani karibu na utosi, ambapo London siku hiyo hiyo haupandi zaidi ya digrii 10 hadi 20. Ndiyo maana mbalamwezi ya vitabu vya mafundi huingia kwa kulala kupitia dirishani na kutupa vivuli virefu sakafuni, na mbalamwezi ya Katanga, katika majira ambayo watu hukaa nje zaidi, hushuka kutoka juu, ikamwachia mtu kivuli kifupi miguuni pake, ikaziangaza paa za bati, na kuyaacha mabaraza kuwa meusi kabisa.

Fundi atakayeifuata mbingu hiyo bila hadhari atapatwa na taabu, kwa kuwa taa iliyo utosini huyajaza macho ya mwigizaji kivuli na kumfanya afanane na maiti. Basi atawafikiana nayo: ataitundika taa yake ya mwezi juu kadiri dari inavyoruhusu, lakini ataisogeza nyuma kidogo ya waigizaji na kuielekeza ubavuni, ili udhahiri wa kimo ubaki na macho yaokolewe. Aidha ataiweka mbali, maana vivuli vya mwezi vyote huelekea upande mmoja, na taa iliyo karibu hutawanya vivuli kila upande na kujifichua kuwa ni taa. Tena nuru hupungua kwa haraka mno karibu na chanzo chake, umbali ukiongezwa mara mbili nuru hubaki robo, hata mwigizaji akipiga hatua mbili chini ya taa ya karibu anaonekana kama ametoka mwezini akaingia pangoni. Na kama tendo ni la Agosti au Septemba, wakati nyika za Katanga zinapochomwa moto na vumbi na moshi vimejaa hewani, mwezi wake wa kuchomoza autie wekundu wa shaba, kisha aupaushe kadiri unavyopanda. Hapana atakayehitaji kuambiwa mwezi gani wa mwaka.

Chini ya mbingu hiyo kuna mioto, na ni mioto iliyoufanya usiku wa mji huu kuwa na rangi mbili daima. Kuna mbabula, yaani jiko la makala, mbele ya nyumba, ambayo nuru yake hutoka chini kwenda juu na huishika mikono na kidevu kabla ya paji la uso. Kuna kibatari au taa ndogo ya betri juu ya meza ya muuzaji wa barabarani, inayoangaza bidhaa vizuri na mwenye bidhaa kwa shida. Kuna malori ya barabara ya Kolwezi, ambayo taa zake huufagia ukuta mzima kwa nukta chache kisha zikaurudisha gizani. Na nyuma ya hiyo yote kuna moto wa shaba, ulio mkongwe kuliko mji wenyewe; kwani kabla ya Wabelgiji, Wasanga na Wayeke waliyeyusha mawe ya kijani ya nchi hii katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakivukuta kwa mivukuto ya ngozi, na Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu yao mwaka 1926 akiwaita walaji wa shaba. Mwali unaogusana na shaba huwa na ukingo wa kijani, na mchezo utakaowaonyesha wahunzi hao, ukiangazwa kwa nyekundu peke yake, utakuwa umeonyesha moto wa kupikia. Utepe mwembamba wa kijani juu ya nyekundu ndio utakaoifanya tanuri iwe ya Katanga. Kwa jumla, taa ya juu iliyopoa na taa ya chini yenye joto, moja ya mbinguni na moja ya mikononi mwa watu, ndiyo sarufi ya usiku wa Likasi, na kila tendo linaweza kutungwa kwa kuamua nani amekaribia moto na nani amebaki katika mwezi. Mavazi nayo yapimwe kwa sarufi hiyo kabla ya siku ya mchezo: kitenge chekundu hufa chini ya samawati na kufufuka mbele ya mbabula, na cheupe na cha nili huishi pande zote mbili, hata mshonaji na fundi wa taa wasipoketi pamoja mmoja wao atakuwa amefanya kazi ya bure.

Kuna nuru nyingine iliyotoka karibu na mji huu ambayo mwenye kutafakari habari za usiku hawezi kuipita kimya. Shinkolobwe, jirani ya Likasi, kuligunduliwa mwaka 1915 mawe yenye urani, na kuanzia 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikawa kinatoa ndani yake radiamu, madini ambayo yalichanganywa na rangi ikapakwa kwenye mishale ya saa ili isomeke gizani. Kabla ya hapo, mcheza dansi Mmarekani Loie Fuller, aliyekuwa gwiji wa nuru za jukwaani mjini Paris, alikwisha kuwaandikia Pierre na Marie Curie, wagunduzi wa madini hayo, akitaka radiamu ya kuyafanya mavazi yake yang'ae, nao wakamweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Jibu hilo pengine lilimwokoa maisha, kwani wasichana wa Marekani waliokuwa wakizipaka saa rangi hiyo, na kuzilamba brashi zao ili zichongeke, waliugua na wengi wakafa. Na mwaka 1945 urani ya Shinkolobwe ilikuwamo katika bomu lililoangushwa Hiroshima. Siku hizi kingo za ngazi na alama za jukwaani hubandikwa utepe ung'aao gizani usio na sumu hiyo, ili mwigizaji asivunjike mguu taa zinapozimwa, na kila mwenye kuongoza mchezo wa usiku anawajibika kuubandika. Lakini ni vyema akumbuke wakati huo kwamba nchi ya Likasi imekwisha kuulipia mwanga wa dunia kwa bei ambayo haikuandikwa katika hesabu za mtu yeyote.

Labda atatokea msemaji aseme kwamba haya ni anasa, na kwamba michezo ya Katanga imeishi siku zote bila taa. Hoja hiyo ina haki yake. Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi, kilichopata sifa katika redio na televisheni, kilitunga michezo yake kwa Kiswahili cha Katanga bila maandiko, kila mwigizaji akiyatoa maneno yake papo hapo. Na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekaa nacho mwaka 1986 kilipokuwa kikitengeneza mchezo juu ya methali isemayo kwamba madaraka huliwa mazima, alitoa kitabu kizima mwaka 1990 juu ya namna maneno yale yalivyozaliwa. Waigizaji wa namna hiyo, kama wale wa Globe, wanaweza kuuleta usiku kwa salamu moja au kwa kupiga miayo. Huko Lubumbashi penyewe lilijengwa mwaka 1956 jumba zuri la michezo, kazi ya msanifu Claude Strebelle, na Katanga ilipojitenga mwaka 1960 jumba hilo likageuzwa kuwa la bunge, jambo linaloonyesha kwamba majengo na mitambo hubadilishwa kazi wakati wowote, na ustadi wa waigizaji ndio unaobaki. Nakubali yote hayo, lakini nayaona kuwa ni hoja ya upande wangu. Taa isimwamrishe mwigizaji, wala isimrudie maneno yake. Ikiwa amekwisha kusema kwamba usiku umeingia, kazi ya taa ni kuonyesha ni usiku wa wapi, na wa nani, na nani ndani yake anaogopa.

Kwa hiyo nawasihi vijana wenye vikundi, wa Likasi na wa kwingineko, kwamba kabla ya kutafuta pesa za kukodi taa wakae nje nyakati za usiku wakiwa na daftari, waandike nuru inatoka wapi, inamshika nani mahali gani, kivuli kinaangukia upande gani, na rangi ipi ya nguo imepotea. Wafanye hivyo umeme ukiwapo na umeme ukikatika, mwezi ukiwa mpevu na mwezi ukiwa mwandamo, kiangazi na masika. Nawasihi na walimu wa shule waifanye hiyo kuwa sehemu ya somo la sanaa, kwani inafundisha fizikia na uangalifu kwa pamoja, tena bila gharama. Na wale wenye uwezo wa kuvipatia vifaa kumbi za wilaya, wasinunue kwanza mashine za kugeuza rangi mia. Wanunue taa chache nyeupe zinazoweza kupunguzwa nuru, nguzo ndefu za kuzitundikia ubavuni, na betri za kutosha mchezo mmoja. Asiyeweza kusubiri hayo na aanze na tochi moja yenye nguvu iliyofungwa juu ubavuni, na kibatari kimoja mezani: vitu hivyo viwili vinatosha kwa tendo zima la usiku, na vyote viwili vinapatikana sokoni Likasi.